Maneno niliyoyaandika kazini yamerudi mtaani kwetu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 25, naishi Temeke, Dar es Salaam, na mama yangu na mdogo wangu wa kiume aliye kidato cha tatu. Nina stashahada ya masoko. Nilipohitimu nilikaa nyumbani zaidi ya mwaka nikipeleka maombi kila mahali, mpaka rafiki yangu aliponiunganisha na ofisi moja inayokopesha watu kwa njia ya simu. Sasa nina miezi minane pale.

Mwanzoni nilipangiwa matangazo. Asubuhi unawasha kompyuta, unakuta orodha ya namba elfu kadhaa, unachagua maneno, unabonyeza, zinakwenda zote kwa mkupuo. “Hongera! Umeidhinishiwa mkopo hadi 500,000. Bonyeza hapa.” Watu hao hawajaomba chochote. Namba zinatoka wapi sikuambiwa. Nilichokiona ni kijana mmoja anayekuja na flashi kila baada ya wiki mbili, analipwa taslimu, anaondoka. Tulituma na kwa barua pepe, ila wateja wengi walipatikana kwenye meseji.

Baada ya miezi mitatu nikahamishiwa makusanyo. Huko, Shangazi, ndiko nilikoharibikia. Mtu akipakua ile programu anaombwa aruhusu isome majina yaliyomo kwenye simu yake, naye anaruhusu kwa sababu bila hivyo mkopo hautoki. Akichelewa kulipa hata siku moja, majina yale yote yanakuja kwenye kioo changu kama alivyoyaandika mwenyewe: Mama, Baba Mkwe, Mwalimu wa Hesabu, Dada wa Kariakoo, Fundi Friji. Tunachagua kumi au kumi na tano, tunawatumia meseji kwamba mtu wao anadaiwa. Tulifundishwa kuanza na wakwe.

Msimamizi alilalamika kwamba meseji zetu hazina nguvu. Kwa kuwa mimi naandika Kiswahili kizuri, akaniomba nitunge nyingine. Nikaandika hivi: “Ndugu yako amekula hela ya watu na sasa anajificha. Wewe umeandikishwa kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe leo kabla jina lake halijafika msikitini, kanisani na kazini.” Ilipendwa. Ofisi nzima, watu kumi na nane, tukaanza kuitumia. Nilipewa bahasha ya shilingi 50,000, na siwezi kukudanganya, siku ile nilifurahi.

Wiki tatu zilizopita nilirudi nyumbani jioni nikamkuta jirani yetu amekaa na mama mkekani, analia. Ni mama lishe, anauza wali maharage karibu na kituo cha daladala, na mimi nimekula kwake tangu niko shule ya msingi. Alikuwa amekopa 120,000 anunue mchele na mafuta, akapokea 84,000 baada ya makato, alipe zote ndani ya siku saba. Mjukuu wake akaugua, akachelewa siku mbili. Meseji zikasambaa. Moja ikamfikia mjomba wa kijana aliyeleta posa kwa binti yake, kwa kuwa namba ya mjomba huyo aliihifadhi wakati wa kupanga mambo ya mahari. Upande wa mwanamume sasa umesema mambo yasimame kwanza.

Akampa mama simu aone ile meseji, mama hana miwani, akaanza kuisoma mwenyewe kwa sauti. Shangazi, niliimaliza sentensi kichwani kabla yeye hajafika mwisho.

Sijui kama ni mimi niliyebonyeza. Tuko wengi na kioo hakionyeshi jina kamili la mkopaji. Lakini maneno ni yangu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Bosi nilimgusia kidogo tu kwamba watu wanaumia, akasema, “Hatumlazimishi mtu kukopa. Na meseji ni meseji tu, asiyeitaka aifute.” Mshahara wangu ndio unaonunua dawa za sukari za mama na kumlipia mdogo wangu mahitaji ya shule. Nilitia sahihi karatasi ya kutunza siri za ofisi. Je, nina kosa kweli, au nimefanya kazi kama wengine? Niache kazi? Na jirani nimwambie, au ninyamaze nimsaidie kimyakimya?

Nikosaye usingizi, Temeke

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lile neno la bosi wako, kwamba meseji ni meseji tu na asiyeitaka aifute, maana naona ndilo lililokuwa likikutuliza miezi yote hii. Miaka minne iliyopita kaka yangu alilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Ndugu hatukuruhusiwa kulala pale. Tuliacha namba zetu kwa muuguzi, akasema likitokea lolote atatujulisha. Nikalala na simu kifuani. Usiku ule ilitetemeka mara sita. Mara sita niliketi kitandani nikamtaja Mungu, nikapapasa gizani kutafuta miwani. Ilikuwa mikopo, kubeti, bahati nasibu, nyimbo za miito. Kaka alipona, nashukuru. Lakini tangu usiku ule, mtu akiniambia ujumbe usiotakiwa ni wa kufuta tu, namwambia kidole kinapofika kwenye kufuta moyo umeshapasuka kitambo.

Aliyenitumia hakunijua wala hakunichukia. Bila shaka alikuwa kijana kama wewe, ameketi mbele ya orodha ya namba, anawaza nauli ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana jambo hili ni gumu kulishika. Anayetenda haoni uso, na anayetendewa hajui amlalamikie nani.

Sisi tumelelewa na hodi. Hata mlango ukiwa wazi, unasimama nje na kubisha, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Usiposikia karibu unarudi ulikotoka, wala hununi. Simu siku hizi iko ndani kuliko chumba. Tunalala nayo, tunakwenda nayo msibani na kwenye sala. Anayeingia humo bila hodi amepita sebuleni na ukumbini, amefika kitandani kwa mtu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu, inapotaja haki ya mtu kuheshimiwa, imeweka familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi mahali pamoja. Mimi nasoma pale kwamba nyumba na simu zinastahili heshima ileile.

Biashara hii ya kutuma bila kuombwa haikuanza na ofisi yenu. Mei 1978, huko Marekani, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC, Gary Thuerk, alituma barua pepe moja ya tangazo kwa watu wapatao 400 waliokuwa kwenye ARPANET, mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Anwani zilikuwa nyingi kiasi kwamba nafasi ya kuandika wapokeaji ilijaa, nyingine zikamwagikia ndani ya barua yenyewe. Watu walikasirika, na waliousimamia mtandao wakakemea. Lakini mwenyewe alisimulia miaka iliyofuata kwamba tangazo lile liliuza kompyuta. Hesabu ya bosi wako ni hiyohiyo. Mkituma kwa watu 5,000 wakabonyeza hamsini, kwake siku imekuwa nzuri, na wale 4,950 hawamo katika daftari lake lolote. Zamani barua ya posta ilimgharimu mtumaji stempu, kwa hiyo alifikiri kwanza kabla ya kuandika. Ujumbe wa mkupuo umegeuza mambo, na gharama sasa anaibeba anayepokea, kwa muda wake, usingizi wake na imani yake.

Imani ndiyo inayonisumbua zaidi. Mama yangu mdogo yuko Muheza. Hafungui meseji yoyote isiyo na jina analolijua. Nani atamlaumu, baada ya “ile hela tuma kwenye namba hii” kuzunguka nchi nzima miaka yote hii? Mwaka jana zahanati ilimtumia tarehe ya kwenda kupimwa macho, akaifuta pamoja na hizo takataka. Kila “Hongera” ya uongo uliyoituma ulipokuwa kwenye matangazo imechangia kuwafundisha wazee wetu kwamba simu inasema uongo. Na wale wasiojifunza, ndio wanaotuma hela kwa matapeli.

Kuhusu flashi ya yule kijana, fikiri mtu anaandika namba yake mara ngapi kwa wiki. Daftari la wageni getini kwa mlinzi, daftari la wakala wa kutuma na kupokea pesa, fomu ya shindano dukani. Kila mahali aliiandika kwa shughuli moja ya siku moja. Anayekusanya namba hizo akaziuza ameuza kisichokuwa chake, na anayenunua bila kuuliza anajua kwa nini hakuuliza. Ulipoona zinalipwa taslimu na bila risiti, mwanangu, ulishapata jibu.

Sasa makusanyo. Uliandika, “Tulifundishwa kuanza na wakwe.” Hapo niliiweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Maana anayefundisha hivyo anatujua vizuri. Anajua mkwe ni mtu tunayemvulia viatu, tunayemficha njaa yetu, na amekaa akapanga kwamba hapo ndipo pa kuchoma.

Bosi anasema kukopa ni hiari. Sawa, jirani yako alikopa, na deni ni deni, hata yeye halikani. Lakini yule mjomba alikubali wapi? Alitoa namba yake kwa ajili ya mazungumzo ya posa. Ilikuwa amana kwenye simu ya yule mama, na amana ya mtu haitolewi ruhusa na mwingine kwa kubonyeza kitufe, tena mtu aliyebanwa na shida ya mchele. Na hilo neno “mdhamini” ni uongo mtupu. Mdhamini huitwa, huelezwa deni ni kiasi gani, hutia sahihi akijua. Huwezi kumwandikisha mtu udhamini akiwa amelala kwake. Kwetu anayedai humwendea mdaiwa. Akishindwa, huenda serikali ya mtaa, akishindwa tena, mahakamani. Hiyo njia ipo na haijafungwa kwa wakopeshaji wa simu. Wanaikwepa kwa sababu huko wangeulizwa imekuwaje mtu aliyepewa 84,000 adaiwe 120,000 baada ya wiki moja. Watu hawakukosea kuiita mikopo hii kausha damu.

Umeuliza kama una kosa. Nitakuambia bila kukuzungusha kwamba unalo, na kisheria pia liko karibu nawe kuliko unavyodhani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inamkataza mtu kumtumia mwingine ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumnyanyasa au kumtesa moyo. Inasema “mtu”. Haisemi kampuni peke yake, na “nilitumwa na bosi” ni utetezi dhaifu sana mbele ya hakimu akiwa ameishika ile meseji uliyoitunga. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko ya watu ambao taarifa zao zimetumiwa visivyo. Wengi bado hawajui kwamba wana pa kwenda. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni. Itafute orodha hiyo, uangalie kama ya kwenu imo. Jirani zetu Kenya walikwishafika mbali zaidi. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza kampuni moja ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa jambo hilihili, kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine na kuwatumia vitisho.

Kazi sasa. Sitakuambia uondoke kesho asubuhi mikono mitupu, maana mama anahitaji dawa na sukari haingoji mtu apate ajira nyingine. Ila kutuma kwa majina ya kwenye simu za watu, hilo liache kesho. Mwambie msimamizi kwa maandishi mafupi na ya adabu kwamba hutatuma tena kwa wasiokopa, na kwamba ile meseji uliyoitunga unaomba isitumike. Omba kazi ya kuzungumza na wakopaji wenyewe, saa za kazi, kwa lugha ya heshima. Wakikubali, umepata muda wa kutafuta pengine. Wakikataa, basi wamekuonyesha mlango, na hapo bora utoke. Binafsi sidhani kama utakaa pale miezi miwili zaidi, na sidhani kama unapaswa. Anza kupeleka maombi wiki hii hii. Mwenye stashahada ya masoko na Kiswahili kama chako anahitajika kwa wenye maduka, wenye shule, wenye mabasi, watu wenye kitu cha kweli cha kutangaza kwa wanaotaka kukisikia.

Ile karatasi ya siri haiwezi kukulazimisha kutenda kosa, wala kukuzuia kulipeleka kosa kwa wanaohusika. Lakini angalia usije ukanakili orodha za wakopaji ukatoka nazo kuwa ushahidi. Nazo ni taarifa za watu, na utakuwa umefanya kilekile unachokimbia. Tunza mkataba wako, hati za mshahara na barua utakayomwandikia msimamizi. Wakikunyima stahiki zako, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili hiyo. Kabla hujapeleka malalamiko popote zungumza na msaidizi wa kisheria, kwa sababu na wewe umo ndani ya jambo, na ni vema ujue pa kusimama.

Sasa jirani. Najua ndilo uliloogopa zaidi kuliuliza, ndiyo maana ukaliweka mwisho. Kumsaidia kimyakimya naona hakufai. Utampa elfu kumi leo, kesho kilo ya mchele, yeye atakuombea dua na kukusifu kwa wenzake, na kila sifa itakuwa msumari kwako. Siku akijua, na mtaani mambo hujulikana, atakumbuka kila bakuli ulilompelekea na kuona ulikuwa unamnyamazisha. Ile 50,000 ya bahasha pia usiende nayo siku ya kwanza. Baadaye, mkishasikilizana, ukitaka kumchangia deni ni jambo jingine.

Usimwandikie. Najua kalamu yako ni nyepesi na barua ingekuwa rahisi kwako. Wala usifikirie kuwatumia wale kumi na tano meseji ya kukanusha. Kwao itakuwa namba ngeni nyingine inayoingia bila hodi na kutaja jina la yule mama kwa mara ya pili. Maneno yaliyokwenda kwa simu safari hii yarudishwe kwa miguu.

Mweleze mama yako kwanza, usiku, mkiwa wawili. Atakasirika. Mwache akasirike. Kisha mwende pamoja kwa jirani. Umwombe radhi bila kutaja bosi, bila kutaja dawa za mama, bila “na mimi nilikuwa sina kazi”. Hayo yote ni kweli, lakini si ya siku hiyo. Halafu umwambie uko tayari kwenda kwa yule mjomba, pamoja na mtu mzima anayeheshimika na pande zote mbili, ukamweleze kwamba maneno yale uliyaandika wewe ofisini, kwamba hakuna aliyemwandikisha udhamini, na kwamba mama huyu hakula hela ya mtu wala hakujificha. Kiasi cha deni na kuugua kwa mjukuu usivitaje mpaka akuruhusu mwenyewe, maana mambo yake yametangazwa ya kutosha. Akisema hataki uende, usiende. Akikufukuza, uondoke, na usikae ukimpelekea watu wa kumbembeleza. Posa inaweza kurudi na inaweza isirudi, hilo haliko mikononi mwako. Lililo mikononi mwako ni mjomba yule kuusikia ukweli kutoka kwenye mdomo wa mtu anayemwona usoni.

Nenda jioni, akishaosha masufuria, kabla hajaanza kuloweka maharage ya kesho. Ukishaketi, isome ile sentensi uliyoimaliza kichwani, yote, mpaka mwisho, kisha umwambie: hii niliiandika mimi.

Wako, Shangazi